Nyama Haitoshi, Majani Hayatoshi

Mgeni anayefika Hulugho kwa mara ya kwanza, baada ya safari ya vumbi kutoka Garissa mjini, huja na dhana moja: huku watu wanaishi kwa nyama. Dhana hiyo haidumu. Akikaa wiki ataona kwamba nyama hupikwa kwa nadra kuliko alivyodhani. Mbuzi huchinjwa mgeni akija, arusi ikifika, Idi ikiandama, mgonjwa akihitaji mchuzi, au mnyama akivunjika mguu na kuwahiwa kisu kabla hajawa mzoga. Siku za kawaida ni anjera na chai asubuhi, wali au pasta au ugali mchana, na maziwa kila yanapopatikana. Mfugaji hali mtaji wake kila jioni, hata awe na ngamia mia.

Hata nyama yenyewe ikipatikana, hailiwi ikaisha. Nyama ya ngamia hukatwa mikanda mirefu, ikaanikwa, kisha ikakatwakatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka maji yote yatoke. Halafu hutiwa chomboni na kufunikwa kwa samli au mafuta ya nundu, hewa isipate njia. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Hukaa miezi bila kuoza, na huchotwa kwa kijiko, kidogo kidogo, juu ya anjera au pembeni ya wali. Mafuta ndiyo yanayoilinda, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayomshibisha mlaji. Jambo hili la mafuta tutalirudia, kwa sababu limebeba sehemu kubwa ya historia ya chakula cha binadamu.

Imekuwaje basi kiumbe mmoja akawa na mate ya kutamani nyama ya mbuzi na ya kutamani ukwaju kwa pamoja? Simba hana haja na ukwaju, na mbuzi hana haja na nyama ya mwenziwe. Wasomaji wengi wa Hulugho wanayo masimulizi yao ya asili ya mwanadamu, na sina ugomvi nao. Nitasimulia kile ambacho mifupa, meno na mawe ya Afrika Mashariki yamewaambia wataalamu. Kila mtu atajua pa kukiweka.

Tuanzie kaskazini magharibi, Kanapoi, karibu na Ziwa Turkana, miaka takriban milioni 4.2 iliyopita. Hapo aliishi zamadamu, jamaa wa kale wa binadamu, ambaye Meave Leakey na wenzake walimpa jina la Australopithecus anamensis mwaka 1995. Alitembea kwa miguu miwili, lakini chakula chake kilitoka mitini na vichakani: matunda, majani, mbegu. Tunalijua hilo kwa sababu jino huhifadhi kaboni ya chakula kilicholijenga. Miti na vichaka huacha alama ya aina moja, nyasi za nchi za joto huacha nyingine. Meno ya Kanapoi yana alama ya miti.

Ukisogea mbele hadi miaka milioni 3.5 hivi, meno ya zamadamu wa Turkana yanaanza kuwa na alama ya nyasi. Nchi ilikuwa inakauka na mbuga kutanuka. Alama hiyo ina njia mbili za kuingia kinywani: ama mtu amekula nyasi zenyewe pamoja na mizizi ya mimea kama ndago, ama amemla mnyama aliyekula nyasi. Jino peke yake haliwezi kusema ni ipi kati ya hizo. Mawe yanaweza kusaidia. Mwaka 2011 timu ya Sonia Harmand ilikuta Lomekwi, magharibi mwa Turkana, mawe yaliyogongwa kwa makusudi miaka milioni 3.3 iliyopita, ambayo ni zana kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani.

Kisha twende Nyanza. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria, kuna zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Walichinjwa pale pale, au waliokotwa wakiwa wamekufa. Kiboko si mnyama wa kubebwa nyumbani. Lakini mawe hayo hayo yalipochunguzwa kwa darubini yalionyesha pia mikwaruzo ya kuponda na kukata mimea. Umbali mfupi kutoka hapo, Kanjera Kusini, miaka milioni 2 hivi iliyopita, hadithi ni ile ile na ushahidi ni mwingi zaidi. Swala wadogo walifika wakiwa wazima, nyama yao ikakatwa kwa mawe. Kwa wanyama wakubwa zaidi, vichwa vilifika kwa wingi kuliko sehemu nyingine. Na ncha za mawe mengine zimelika kwa kukata mizizi ya chini ya ardhi. Pahali pamoja, watu wale wale, nyama na mizizi. Anayesema binadamu wa kale alikuwa mwindaji mla nyama, na anayesema alikuwa mla matunda mpole, wote wawili Kanjera inawapinga.

Miongoni mwa wanyama wa enzi hizo alikuwako jamaa ya hirola. Wakazi wa Hulugho na Ijara wanamfahamu hirola vizuri: swala mwenye alama machoni kana kwamba amevaa miwani, ambaye leo wamebaki mia chache tu, wengi wao kati ya mto Tana na mpaka wa Somalia, baadhi yao wakilindwa katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini. Visukuku vya mnyama wa jenasi yake, mkubwa kuliko yeye, vilipatikana Olduvai, Tanzania. Hirola ndiye wa mwisho katika ukoo ambao zamadamu waliuona kwa macho yao, na labda kuuonja.

Kwa nini vichwa vibebwe hadi Kanjera? Hapa mfugaji atajibu haraka kuliko profesa. Ukame ukikaza, mnyama hukonda kwa utaratibu. Mafuta ya mgongoni huisha kwanza, ya tumboni hufuata, na mwisho kabisa huisha yale yaliyo ndani ya mifupa ya miguu. Mafuta ya ubongo wenyewe hayapungui. Nyama ya mnyama wa namna hiyo ni protini tupu, na ini la binadamu lina kikomo: zaidi ya theluthi ya chakula ikiwa protini, mtu huanza kuumwa kichwa, kuhara, kudhoofika, na akiendelea hufa huku tumbo limejaa. Wasafiri wa Amerika Kaskazini waliopitisha majira ya baridi wakila sungura waliokonda walikutana na maradhi hayo. Mwanaakiolojia John Speth alilishikilia jambo hili tangu miaka ya 1980. Zamadamu wa kiangazi, alisema, hakuwa na shida ya kupata nyama, alikuwa na shida ya kupata kitu cha kula pamoja na nyama. Kitu hicho ni mafuta, au wanga, au asali. Ndiyo maana mifupa ya Olduvai na Turkana imevunjwavunjwa kwa mawe ili uboho utoke. Fisi naye huvunja mifupa, lakini kwa meno. Jiwe ndilo lililokuwa gego letu.

Si kila mtu alifuata njia hiyo. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota Olduvai fuvu la zamadamu mwenye magego mapana na taya nene, ambaye leo anaitwa Paranthropus boisei. Alionekana kama aliyeumbwa kuvunja karanga ngumu. Uchunguzi wa kaboni uliotolewa mwaka 2011 ulishangaza wengi, kwani zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilikuwa na alama ya nyasi na jamii ya ndago. Alichagua chakula kimoja kinachopatikana kwa wingi na akaujenga mwili wake kukitafuna. Aliishi karibu miaka milioni moja, muda mrefu kuliko sisi tulivyokwisha kuishi, kwa hiyo tusimcheke. Lakini alitoweka, na aliyebaki ni binamu yake mwenye meno madogo, aliyekula hiki na kile.

Huyo binamu ubongo wake uliongezeka. Mwaka 1995 Leslie Aiello na Peter Wheeler walitoa hoja iliyosomwa sana. Ubongo wetu ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nguvu tunayotumia tukiwa tumetulia. Utumbo nao ni mlaji mkubwa. Aliyekula chakula chenye nguvu nyingi, kama nyama na uboho, angeweza kuwa na utumbo mfupi, na akiba hiyo ikaenda kichwani. Linganisha matumbo na utaona wanalosema: kwa sokwe, zaidi ya nusu ya utumbo ni utumbo mpana wa kuchachusha majani, kwetu ni karibu moja ya tano.

Hoja hiyo ni tamu, ila nyama imepewa sifa nyingi mno ndani yake. Mwaka 2022 W. Andrew Barr na wenzake walirudia hesabu ya maeneo makuu ya Afrika Mashariki, wakakuta kwamba mifupa yenye alama za kukatwa inaonekana kuongezeka baada ya Homo erectus, wa ukoo wa binamu huyo, kutokea hasa kwa sababu wachimbaji wamechimba zaidi tabaka za enzi hiyo. Richard Wrangham anasema kilichobadilisha mambo ni moto: kiazi kilichopikwa hutoa nguvu nyingi kuliko kibichi, na nyama vilevile. Ushahidi wa moto wa zamani sana ni wa kubishaniwa. Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo, kuna udongo uliochomeka miaka milioni 1.4 iliyopita, na hakuna aliyethibitisha kama moto huo uliwashwa na mtu au ulikuwa wa nyika. Mimi huvutiwa zaidi na kazi ya Kristen Hawkes na James O'Connell kwa Wahadza, wawindaji na wachumaji wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Waliona wanaume wakirudi mikono mitupu siku nyingi, huku bibi aliyekwisha koma kuzaa akiendelea kuchimba mizizi kwa kijiti, saa kwa saa, na wajukuu wakila kila siku. Nyama ilileta sherehe. Mizizi ililea watoto. Ni vigumu kuchimbua kijiti kilichooza miaka milioni moja iliyopita, na ni rahisi kuchimbua mfupa. Ndiyo maana mwindaji amekuwa na wasemaji wengi kuliko bibi.

Kula nyama kulikuwa na gharama. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la visukuku kuliko yeyote wa zama zake, aliokota Koobi Fora mifupa ya Homo erectus inayodhaniwa kuwa ya mwanamke, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.5. Miguu yake imefunikwa na mfupa wa ziada, usio na mpangilio. Alan Walker na wenzake walidhani alikula maini ya wanyama wala nyama, yenye vitamini A ya kupita kiasi, akatoka damu chini ya ngozi ya mifupa. Baadaye likaja wazo lingine, kwamba huenda alikula majana ya nyuki kupita kiasi. Kwa vyovyote aliishi wiki au miezi katika maumivu, na pengine asingeweza kujitafutia maji. Yamkini mtu alimletea.

Tegu nao wana ushahidi wao. Kwa muda mrefu ilidhaniwa tuliwapata kutoka kwa ng'ombe na nguruwe baada ya kuwafuga. Uchunguzi wa ukoo wa minyoo hao, uliotolewa mwaka 2001, ulipindua mambo: jamaa wa karibu wa tegu zetu wamo kwa simba na fisi wa Afrika, na waliachana zamani kabla hata ng'ombe hajafugwa. Tulikula swala wale wale waliokuwa wakiliwa na simba, tukaambukizwa pamoja. Sisi ndio tuliompa ng'ombe. Hata tindikali ya tumbo letu ni kali mno, karibu na ya wanyama wala mizoga, jambo lisilo na maana kwa mla matunda.

Ukali huo haukutosha mwishoni mwa 2006, mvua kubwa zilipoifunika Garissa na Ijara kwa maji. Mbu walizaana, kondoo na mbuzi wakaharibu mimba kwa wingi, kisha watu wakaanza kutokwa damu na kufa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ambao kirusi chake kilitambuliwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waliochinja, waliochuna na walioshika damu walikuwa katika hatari kubwa. Uchinjaji ukapigwa marufuku, masoko ya mifugo yakafungwa, na zaidi ya watu 150 wakafa Kenya. Jamii iliyojengwa juu ya mifugo ikalazimika kuiogopa nyama.

Je, mtu anaweza kuishi upande mmoja tu? Mwili una madeni mawili. Mbuzi, ngamia na simba hujitengenezea vitamini C wenyewe; ukoo wetu ulipoteza uwezo huo zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, wakati mababu wa nyani na binadamu walipokuwa wakila matunda kila siku na hasara isionekane. Tangu hapo tunalazimika kuitoa nje. Deni la pili ni vitamini B12, ambayo hakuna mmea unaoitengeneza. Hutengenezwa na bakteria, na wengi wao wamo tumboni mwa wanyama wanaocheua. Deni moja linatupeleka mitini, jingine linatupeleka zizini. Ngamia hulipa yote mawili kwa mkupuo mmoja. Maziwa yake yana B12, na yana vitamini C mara kadhaa kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana mchungaji anaweza kukaa malishoni wiki nyingi bila kuona tunda, na fizi zake zisitoke damu.

Kabla ya ngamia, ukanda huu ulikuwa wa watu wa msitu na kichaka. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watu walikaa kwa vipindi tangu miaka 78,000 iliyopita, umri wa kaburi la mtoto lililotangazwa mwaka 2021. Walikaa mahali msitu unapokutana na nyasi, wakila paa na wanyama wengine wadogo. Mahali pa namna hiyo ndipo Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, wameishi katika msitu unaoanzia Lamu na kuingia Garissa kusini mwa Hulugho. Lugha yao ni jamaa ya Kisomali. Walikuwa wakiwinda kwa upinde wa sumu, wakichuma matunda na mizizi, na kurina asali. Vita vya Shifta, kuanzia 1963, viliwatoa msituni na kuwaweka vijijini; marufuku ya uwindaji ya 1977 ikageuza nyama yao kuwa kosa la jinai. Wakabaki na mashamba madogo, na asali.

Asali haijapata heshima yake katika historia ya chakula cha binadamu. Kuna ndege aongozaye watu kwenye mizinga ya porini. Hulia mbele ya mtu, huruka, hungoja, hulia tena. Mkenya Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, aliwafuata Waborana warinaji asali kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Bila ndege, mzinga ulichukua karibu saa 9 kuupata. Akiwapo ndege, saa 3 na kidogo. Mtu huchukua asali, ndege hula nta na majana. Mapatano hayo yana umri usiojulikana, lakini hayakuanza jana.

Mifugo ilifika eneo la Turkana miaka takriban 5,000 iliyopita, na hapo binadamu akafanya jambo ambalo zamadamu hakuliwaza. Nyasi alizoshindwa kuzila alimpa mnyama azile, naye akanywa matokeo. Tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne na la ngamia lenye vitatu likawa tumbo lake la nje. Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania walipata badiliko lao wenyewe la jeni la kusaga sukari ya maziwa ukubwani, tofauti na la Wazungu, katika miaka 7,000 hivi iliyopita. Kwa Wasomali jambo ni la ajabu zaidi. Wengi wao hawana uwezo huo wa jeni, na bado hunywa maziwa bila taabu kubwa. Sehemu ya maelezo huenda iko kwenye bakteria wa tumboni, na sehemu imo jikoni. Maziwa ya ngamia yakiachwa katika chombo kilichofukizwa moshi yanachacha na kuwa susa, na bakteria wanakuwa wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo kabla ya mnywaji.

Hata hivyo hakuna mfugaji wa huku aliyeishi kwa maziwa peke yake. Kando ya Tana kuna Wapokomo na mahindi yao, mpunga, ndizi na maembe. Pwani kuna Lamu, ambako ng'ombe walishuka na nafaka na nguo zikapanda. Kiangazi kikiingia, mifugo ya Hulugho hujongea Msitu wa Boni kutafuta majani. Mvua zikianza hutoka mbio, mbung'o wasiwamalize. Mwezi wa maziwa mengi nafaka hupungua, na mwezi wa mbavu tupu mbuzi huuzwa ili unga ununuliwe. Mbuzi mmoja sokoni huleta nguvu ya mwili nyingi zaidi akiuzwa kwa unga kuliko akiliwa, na kina mama wanaojua bei ya soko hufanya hesabu hiyo bila kalamu.

Hesabu hiyo ilivunjika kuanzia mwishoni mwa 2020. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, jambo lisiloonekana kwa miaka 40, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Mnyama aliyekonda hana mnunuzi, na bei yake haifiki gunia la unga. Msaada uliokuja ulikuwa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Ulizuia kifo, lakini mtoto wa miaka miwili aliyezoea maziwa hawezi kuyapata kwenye mahindi. Katika Jimbo la Wasomali nchini Ethiopia, karibu mwaka 2010, mradi mmoja ulijaribu njia nyingine. Badala ya kuongeza chakula cha watu, kaya zilipewa malisho na dawa kwa ajili ya wanyama wachache wa maziwa waliobaki nyumbani wakati wa kiangazi. Watoto wa kaya hizo walipata maziwa kwa muda mrefu zaidi, na hali yao ya lishe haikuporomoka kama ilivyo kawaida ya msimu huo. Robota la nyasi lilishushwa kwenye lori, likaingia kwa mbuzi, na jioni likafika kwa mtoto.